Kicheko cha Jikoni Hazlehurst

Mchezo unaanza na biskuti. Mwanamke wa miaka 30 yuko peke yake jikoni, anajaribu kuchomeka mshumaa mdogo wa keki juu ya biskuti, biskuti inamegeka, anachukua nyingine, mshumaa unasimama kombo, anawasha kiberiti na kujiimbia mwenyewe wimbo wa siku ya kuzaliwa kwa sauti ya mtu anayeogopa kusikiwa. Binamu yake anapoita kutoka nje, anaficha kila kitu upesi kama mtoto aliyekutwa akidokoa sukari. Hakuna neno lolote zito lililokwisha kutamkwa, lakini mwandishi ameshatueleza karibu yote tunayohitaji kuyajua kumhusu Lenny Magrath, kifungua mimba wa nyumba hiyo, ambaye siku yake imesahauliwa na ukoo mzima.

Nimeitazama tamthilia hii ya Beth Henley, Crimes of the Heart, mara mbili katika kumbi za ridhaa nchini Marekani, na mara zote mbili watu waliicheka biskuti. Mara ya kwanza nilicheka pamoja nao bila kujiuliza. Mara ya pili mwigizaji, mama mwenye mikono mikubwa ambaye jirani yangu wa kiti alininong'oneza kwamba mchana huuza mbegu na mbolea, alikaa na mshumaa wake kimya kwa muda mrefu kidogo kuliko tulivyotarajia, akiutazama ukiyeyuka, na kicheko kilichokuwa kimeanza safu za nyuma kikanyauka chenyewe. Hakufanya lolote zaidi ya kutotuharakia. Tangu usiku ule nimekuwa na hakika kwamba swali la msingi kwa yeyote anayeupeleka mchezo huu jukwaani ni moja tu: kicheko kinatoka wapi, na kinamfunika nani?

Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi, maneno “ukumbi wa maonyesho wa jamii” huleta picha tofauti na ile ya Marekani. Kwetu, tangu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza kupeleka sanaa za maonyesho vijijini, na tangu wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ walipoigiza maisha yao wenyewe mwaka 1977 hadi serikali ya Kenya ikawazuia, jamii jukwaani imekuwa na maana ya wananchi kuzungumza shida zao: ardhi, ujira, ndoa za mapema, Ukimwi. Marekani ni kitu kingine. Ni majirani walioajiriwa kwingine, mhasibu, mwalimu mstaafu, muuguzi wa zamu ya usiku, wanaokutana baada ya kazi kwa wiki sita au nane, wakikariri maneno yaliyoandikwa na mtu mwingine, kisha wanauza tiketi kwa wikendi mbili tatu na kurudi makwao bila malipo. Klabu ya Footlight ya Boston inafanya hivyo tangu 1877. Mwanzoni mwa karne ya 20 vuguvugu la kumbi ndogo lilienea kutoka Chicago hadi New Orleans, likaacha nyuma yake mtandao wa majengo madogo, makanisa ya zamani na maghala yenye viti vya kukunja, ambayo hadi leo ndiyo jukwaa pekee lililo karibu kwa mamilioni ya watu wasioishi mjini New York. Anayetaka kuona mfano wake Afrika Mashariki atafute katika historia ya zile Little Theatre za Mombasa na Dar es Salaam, zilizoanzishwa na Wazungu wa enzi ya ukoloni kwa burudani yao wenyewe.

Kumbi hizi zinaupenda mchezo wa Henley kwa sababu ambazo mweka hazina yeyote atazielewa. Unahitaji mandhari moja tu, jiko, ambalo linaweza kujengwa kwa makabati yaliyotupwa na jokofu la zamani la shangazi wa mtu. Unahitaji waigizaji 6, na 4 kati yao ni wanawake, jambo ambalo kwa ukumbi wa ridhaa ni neema kubwa, maana kila anayewahi kusimamia majaribio ya waigizaji anajua kwamba wanawake hujitokeza wengi na wanaume hutafutwa kwa tochi. Maleba ni nguo za mwaka 1974, zinazopatikana katika maduka ya mitumba. Mambo hayo hayana aibu yoyote. Shakespeare naye aliandika kwa kuhesabu vichwa vya kampuni yake. Hatari ni pale urahisi wa kuuandaa mchezo unapotafsiriwa kuwa urahisi wa mchezo wenyewe, na tangazo la ukutani likaja na picha ya limau lenye miwani ya jua na ahadi ya jioni ya kuvunja mbavu.

Kisa chenyewe, kikisimuliwa bila mapambo, hakivunji mbavu za mtu. Ndugu watatu wa kike wamekutana katika nyumba ya babu yao huko Hazlehurst, Mississippi. Lenny amekaa akimuuguza babu hadi akahamishia kitanda chake jikoni ili amsikie usiku. Meg, wa kati, mwenye miaka 27, alikwenda Hollywood kuwa mwimbaji, akavunjika akili huko, na sasa anafanya kazi ya ukarani katika kampuni ya chakula cha mbwa. Babe, kitinda mimba wa miaka 24, jana amempiga risasi ya tumbo mume wake Zackery, mwanasheria tajiri na seneta wa jimbo. Babu yuko hospitali. Baba aliwakimbia zamani. Mama alijiua walipokuwa watoto, na paka wake wa manjano akafa pamoja naye, kifo ambacho magazeti ya nchi nzima yalikiandika kwa sababu ya paka. Hata farasi wa Lenny, ambaye alikuwa hajamdhuru mtu yeyote, amepigwa na radi usiku huo.

Kwamba maafa haya yanachekesha, na kwamba yanachekesha kweli, ni kipaji cha mwanamke aliyeyaandika akiwa hajatimiza miaka 30. Henley alizaliwa Jackson, mji mkuu wa Mississippi, mwaka 1952, mmoja wa mabinti wanne wa mwanasheria aliyewahi kuwa seneta wa jimbo. Mama yake alikuwa mwigizaji wa ridhaa wa hapohapo Jackson, na binti alikua akihudhuria mazoezi na kumshikia mama kitabu wakati anakariri. Nalitaja hilo kwa sababu wachambuzi wengi huanza hadithi yake kwenye tuzo, ilhali lugha yake ya jukwaani ilianzia kwenye kumbi za aina ileile ambazo leo zinamrudia. Tuzo zilikuja kwa njia ya kando. Rafiki yake aliutuma muswada kwenye shindano la Actors Theatre ya Louisville, Kentucky, bila kumwambia. Ukashinda, ukaoneshwa huko mwaka 1979, ukaingia New York mwishoni mwa 1980 katika ukumbi mdogo, na mwaka 1981 ukapata Pulitzer kabla hata haujafika Broadway, kwenye kumbi kubwa za New York. Hakuna mwanamke aliyekuwa amepewa Pulitzer ya tamthilia kwa miaka 23 iliyotangulia. Filamu ya mwaka 1986, yenye Diane Keaton, Jessica Lange na Sissy Spacek, ndiyo iliyoufanya ujulikane katika nyumba ambazo hazikwenda kwenye kumbi kabisa, na nadhani ndiyo pia iliyowafundisha waongozaji wengi wa ridhaa tabia mbaya, kwa sababu nyuso zile za kupendeza zinapunguza ukavu wa maneno.

Turudi kwenye kicheko. Katika ukumbi wa kulipwa, mwigizaji ni mgeni kwa mtazamaji, hivyo kila kicheko lazima akifanyie kazi. Katika ukumbi wa ridhaa mtazamaji amekuja kumwona daktari wake wa meno akiwa amevaa suruali pana za miaka ya 70. Anamcheka kabla hajafungua mdomo, na anamcheka kwa upendo. Upendo huo ndio mtaji wa kumbi hizi, bila huo zingefungwa kesho. Lakini kwa mchezo huu hasa ni mtaji wenye riba kubwa, kwa kuwa Henley amewaandika watu wasiojua kwamba wanachekesha. Babe anaposimulia kwamba baada ya kumpiga mumewe risasi aliona kiu, akaenda jikoni, akakamua malimau, akatia sukari nyingi, akanywa bilauri tatu, kisha akamuuliza majeruhi aliyekuwa sakafuni kama naye angependa, hafanyi utani. Anajaribu kukumbuka kwa uaminifu. Mwigizaji akitutazama sisi, hata kwa kope moja, ili kutuonesha kwamba naye anajua ni kichekesho, basi Babe ametoweka na amebaki jirani yetu anayefurahisha watu.

Onyesho la kwanza nililoliona lilianguka hapo. Mwigizaji wa Babe alikuwa msichana mwenye kipawa, na kila alipotaja limau alisubiri, akapata kicheko chake, akaendelea. Ulikuwa usiku mzuri kwa kila mtu isipokuwa kwa Babe.

Msomaji wa Kiswahili ana njia yake ya kulielewa jambo hili ambayo Mmarekani hana, nayo ni utani. Kwenye misiba ya Tanzania watani huja, hulala mahali pa maiti, huigiza namna marehemu alivyotembea, hudai walipwe ndipo kaburi lichimbwe, na wafiwa hucheka huku machozi yakitiririka. Hakuna anayeshangaa. Lakini utani una kibali: unajulikana nani mtani wa nani, na ndugu wa marehemu si miongoni mwao. Katika sehemu ya tatu ya mchezo, Meg anarudi asubuhi akiwa na furaha, anatangaza kwamba atamwendea babu na kumwambia ukweli wote kuhusu uongo aliomdanganya, hata kama ukweli huo utamfanya babu azimie asizinduke. Asichojua ni kwamba babu ameshapata kiharusi kingine usiku na ameshazimia. Lenny na Babe wanatazamana. Kinachofuata ni kicheko cha wafiwa wenyewe, kisicho na kibali cha mtu, kicheko ambacho kila wakijaribu kukikamata kinawaponyoka tena, hadi kinageuka kitu kinachokaribia kwikwi. Nimeona waigizaji wakikitekeleza kwa kupiga magoti na kushika mbavu, kama watu waliosimuliwa kichekesho kizuri. Na nimemwona yule muuza mbegu akiziba mdomo wake kwa mikono miwili, macho yamemtoka, mtu aliyeshikwa na kitu asichokitaka mwilini mwake. Ukumbi ulicheka usiku huo pia, lakini ulicheka ukiwa na aibu kidogo, na hiyo ndiyo bei ambayo tukio hilo linadai.

Lafudhi nayo ni mtego. Kusini mwa Marekani kuna namna ya kusema, vokali zikivutwa na maneno yakikokotwa, ambayo Wamarekani wa sehemu nyingine wameifanya ishara ya ushamba, kama ilivyo katika vichekesho vya runinga vya Kenya na Tanzania, ambamo inamtosha mchekeshaji kubadilisha r kuwa l ili watazamaji waanze kucheka kabila la mtu. Ukumbi wa ridhaa wa Ohio au wa Oregon unapouchukua mchezo wa Hazlehurst, wiki mbili za kwanza za mazoezi huishia kwenye lafudhi, na zinazobaki hazitoshi kufahamu kwa nini Lenny hampigii simu mwanamume wa Memphis aliyempenda. Ningekuwa na sauti katika kamati yoyote, ningeomba waigizaji wazungumze kwa midomo yao wenyewe. Mwendo wa Kusini umo tayari katika sentensi za Henley, zinazozunguka, zinazotaja jina la mtu na la mjomba wake kabla ya kufika kwenye jambo. Anayezisema kwa utulivu atafika Mississippi bila kuigiza ushamba. Kufananisha mchezo huu na dada watatu wa tamthilia ya Mrusi Chekhov, jambo linalofanywa karibu katika kila kijitabu cha onyesho, kunasaidia kwa hoja moja tu: wale wa Urusi walitamani Moscow wasiifike, na Meg aliifika Moscow yake, akarudi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo kitovu cha mchezo na ndilo kumbi nyingi huliruka.

Babe anapoulizwa kwa nini alimpiga mumewe risasi, jibu lake kwa watu wote ni kwamba hakupendezwa na sura yake. Ni jibu la kijinga kiasi kwamba ukumbi hulipuka, na ndicho kicheko kikubwa kuliko vyote katika sehemu ya kwanza. Baadaye, akiwa na Meg, anatoboa siri. Kulikuwa na Willie Jay, mvulana Mweusi wa miaka 15, ambaye alikuwa akija nyumbani kwa sababu ya mbwa wake aliyekuwa akitunzwa hapo. Babe, katika upweke wa ndoa ya vipigo, alifanya naye uhusiano. Zackery akamkuta mtoto huyo kibarazani, akampiga na kumsukuma ngazini. Bunduki ilitoka kwenye droo baada ya hapo. Kumbe lile jibu la kijinga halikuwa la kijinga. Lilikuwa uongo uliotungwa upesi na mwanamke asiye hodari wa kutunga, ili jina la mtoto lisitajwe. Sisi tuliocheka tumesaidia kumfunika bila kujua.

Kwa nini jina lake likitajwa ni hatari? Mchezo hauelezi, kwa sababu mwaka 1974 hakuna mtu wa Mississippi aliyehitaji kuelezwa. Emmett Till alikuwa na miaka 14 alipoletwa kutoka Chicago kuwatembelea ndugu zake katika jimbo hilohilo mwezi Agosti 1955. Akatuhumiwa kumkosea adabu mwanamke Mzungu dukani. Akatekwa usiku, akauawa, akatupwa mtoni. Na wazee wa baraza, Wazungu watupu, wakawaachia huru washtakiwa, ambao baadaye walikiri katika jarida kwa malipo. Miaka 19 tu inatenganisha mto ule na kibaraza cha Zackery. Shule za Mississippi zilikuwa zimeanza kuchanganywa kwa dhati mwanzoni mwa 1970, baada ya Mahakama Kuu ya Marekani kuchoka na visingizio, na familia nyingi za Kizungu zilikuwa zikiwahamishia watoto wao katika shule za binafsi zilizochipuka ghafla. Hazlehurst penyewe, mji mdogo wa kaunti ya Copiah ulio kilomita zipatazo 50 kusini mwa Jackson, ndiko alikozaliwa mwaka 1911 mpiga gitaa Robert Johnson, ambaye muziki wake wa bluzi ulikuja kutikisa dunia. Katika jiko la akina Magrath huwezi kuhisi kwamba mji wa Robert Johnson uko mtaa wa pili.

Willie Jay hatokei jukwaani. Hana mstari hata mmoja. Zackery naye hatokei, wala babu, wala mama. Mchezo mzima umejengwa juu ya watu tusiowaona, na wengine wote tunapewa sauti zao kupitia midomo ya dada hawa: tunajua babu alikuwa anataka nini, tunajua mama alikuwa anaogopa nini. Kuhusu Willie Jay tunajua mbwa wake tu. Kesi ya Babe inapomalizwa kwa mashinikizo ya pande mbili, mwanasheria kijana Barnette, mwenye kisasi chake na Zackery na mapenzi yake ya siri kwa Babe tangu alipomuuzia keki katika soko la hisani, anaripoti kwamba amefanya mpango: mvulana atapandishwa basi la usiku wa manane kwenda Kaskazini. Inasemwa kama habari njema. Mtoto wa miaka 15 anaondolewa kwao, gizani, mbali na watu wake, ili watu wazima wawili wa Kizungu wasiaibike mahakamani, na mchezo unasonga mbele kwa kasi kwa sababu keki inakuja.

Wako wanaosema tamthilia hii imepitwa na wakati kwa sababu hiyo, na kwamba kumbi za leo ziiache kabatini. Siwabezi. Uhusiano wa mwanamke wa miaka 24 na mtoto wa miaka 15 unaitwa kwa jina lake leo, nalo ni jina la kosa la jinai, na Henley anaupitia kwa wepesi ambao hangeutumia kama jinsia zingegeuzwa. Hata hivyo sioni kwamba dawa ni kabati. Nionavyo mimi, mwandishi hakusahau. Dada hawa ndio waliosahau, na kusahau kwao ni sehemu ya ukweli wa jiko lile. Kosa linakuwa letu pale mwongozaji naye anaposahau, akaongoza mstari wa basi kana kwamba ni taarifa ya hali ya hewa.

Mwongozaji wa ridhaa hawezi kubadilisha maneno. Leseni anayolipia kwa kila onyesho, kutoka Dramatists Play Service ya New York, haimruhusu kufuta wala kuongeza mstari bila idhini. Kilicho mikononi mwake ni pumzi: nani anasimama, nani anatazama wapi, kimya kinakaa muda gani. Katika lile onyesho la pili Barnette alikuwa kijana mrefu aliyekuwa na wasiwasi usiku kucha, mikono yake haijui pa kukaa, na tulikuwa tumemzoea na kumcheka kwa huruma. Alipofika kwenye basi la usiku alilisema haraka, kama ilivyoandikwa. Babe hakujibu upesi. Alikuwa ameshika jagi la maji ya limau, lilelile, na akaliweka mezani kwa uangalifu mkubwa, akalisogeza kidogo, akalisogeza tena, mpaka tukasikia kioo kikikwaruza mbao. Ukumbi wa watu wasiozidi mia moja, wenye mabibi na wajukuu, na pembeni kulia familia mbili za Wamarekani Weusi waliokuja pamoja, ulinyamaza kiasi kwamba nilisikia kipoza hewa. Hakuna hotuba iliyotolewa. Baada ya onyesho, wakati wa kahawa, mzee mmoja alimwuliza mwongozaji kama kweli mtoto yule alifika, na mwongozaji akasema hajui, mchezo hausemi.

Swali la mzee yule haliwezi kuulizwa Broadway kwa namna hiyo. Mtazamaji wa Broadway anatoka nje na kuingia kwenye teksi. Mtazamaji wa ridhaa anabaki, anakunja viti, na kesho atakutana na Babe benki. Kwa hiyo ule upendo niliousema kuwa mtego ndio pia unaoweza kuupa mchezo huu uzito ambao waigizaji mahiri hawaupati, mradi mwongozaji awe na ujasiri wa kuwanyima majirani zake kicheko kimoja au viwili walivyokuja kuvichukua. Dada jukwaani hawatengenezwi kwa ufundi mwingi. Wanatengenezwa kwa namna watu watatu wanavyopishana jikoni bila kugongana, mmoja akifungua droo kabla mwenzake hajasema anatafuta kijiko, na watu waliowahi kupika pamoja kwenye harusi na misiba ya kanisa moja kwa miaka 20 wanaijua ngoma hiyo kuliko wahitimu wa chuo chochote. Meg anapong'ata kila chokoleti katika sanduku la zawadi ya Lenny ili kutafuta yenye njugu, akairudisha iliyobaki, hasira ya Lenny inapaswa kuwa na miaka 20 ndani yake. Kwa muuza mbegu ilikuwa nayo.

Nguvu hiyohiyo ndiyo inayombeba Babe katika dakika zake ngumu, anapoonekana tena akiwa amejaribu kujiua na kushindwa. Hapo ukumbi hucheka, tusidanganyane, kwa sababu Henley ameandika kushindwa huko kama fujo ya nyumbani. Na hapo ndipo Babe anapofahamu jambo kuhusu mama yake na yule paka. Hakumuua kwa chuki. Alimchukua kwa sababu aliogopa kwenda peke yake. Mwongozaji aliyewazoesha watazamaji wake kucheka kila mahali tangu saa mbili usiku hana namna ya kuwanyamazisha kwa mstari huo. Wataucheka pia, na mama atakuwa amekufa mara ya pili kwa ajili ya magazeti.

Kabla ya hapo Lenny amemfukuza binamu yake Chick kwa ufagio mpaka juu ya mti, na hapo, ruksa, watu wacheke mpaka wachoke, maana Chick amejitakia. Amepiga pia simu Memphis. Mwishoni Meg anarudi na keki kubwa, imechelewa siku nzima. Mishumaa inawashwa, Lenny anaizima, na anapobanwa aseme ameomba nini, anasema hakuomba kitu hasa, aliona tu kwamba wote watatu wanacheka pamoja; haikuwa milele, ilikuwa dakika moja. Wanaanza kula kwa mikono, krimu mpaka mashavuni, na maelekezo ya Henley yanataka picha hiyo igande katika mwanga wa dhahabu kabla ya giza.

Onyesho la kwanza lilimaliza hapo kwa muziki wa banjo na watazamaji wakapiga makofi kwa kufuata mdundo. La pili halikuwa na muziki. Mwanga wa dhahabu ulikuja, dada watatu wakawa wanacheka bila sauti, na kwenye meza, mbele ya keki, lile jagi lilikuwa bado limekaa pale Babe alipoliacha. Kwa saa ya mchezo ilikuwa mchana. Basi la Kaskazini lilikuwa halijaondoka.